Nani ataandika mkakati wa Geita?

Kolandoto, kata ya Manispaa ya Shinyanga, ndipo barabara ya kwenda Lalago na Meatu inapoachana na barabara kuu ya Mwanza. Watu wengi wa Usukumani wanaijua kwa hospitali yake, iliyoanzishwa na wamisionari wa African Inland Mission mwaka 1913, na kwa chuo cha afya kilichokua pembeni yake. Tabibu aliyefanya kazi wodini miaka 15 akiamua kurudi shule na kuandika tasnifu juu ya malaria au upungufu wa damu kwa wajawazito, hakuna anayemshangaa. Ofisini wataona ni kupanda ngazi, na nyumbani watasema amefikiria vizuri.

Kanda ya Ziwa ina haki ya kujivunia utamaduni huo. Kati ya 1991 na 1994, watafiti wa NIMR, AMREF na London School of Hygiene and Tropical Medicine waliendesha utafiti katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, wakati huo Geita ikiwa bado wilaya ya mkoa huo. Walitaka kujua kama zahanati za kawaida zikitibu vizuri magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yatapungua. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995 yalionyesha kupungua kwa takriban asilimia 40. Tafiti za Rakai na Masaka nchini Uganda hazikupata jibu kama hilo, na mabishano yaliyofuata yakaendelea kwa miaka. Lakini Mwanza ilikuwa imeshaingia katika vitabu vya afya ya umma, na kilichoiingiza ni kazi ya kila siku ya zahanati, dawa zilizofika kwa wakati na rejista zilizojazwa kwa uangalifu.

Ukiendelea mbele na barabara ya Mwanza utafika Maganzo, mji wa madalali wa almasi, na jirani yake ni Mwadui. Hapo habari inageuka. Biashara ya kimataifa imefanyika Mwadui kwa zaidi ya miaka 80, na Geita na Bulyanhulu kwa zaidi ya 20, lakini ni nadra kumsikia mhasibu wa mgodi, ofisa ugavi au meneja wa uzalishaji aliyeacha kazi ili afanye utafiti juu ya namna kampuni hizi zinavyopanga mikakati yao duniani. Wengi wakistaafu hufungua duka la vipuri, hununua lori, hujenga nyumba za kupangisha Kahama au hugombea udiwani. Zote ni kazi halali. Ila maarifa yaliyokusanywa kwa miongo miwili huondoka nao.

Mwadui yenyewe ilianzishwa na mtu aliyeifuata njia hii kwa kinyume. John Thoburn Williamson, Mkanada, alipata shahada ya uzamivu ya jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, akaja Afrika kufanya kazi katika kampuni za utafutaji madini, na mwaka 1940 akagundua almasi hapo Mwadui. Watu hupenda kusimulia jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana mwaka 1947 na kuishia katika bruchi ya Malkia Elizabeth. Kisa chenye uzito zaidi kwa mwanafunzi wa biashara ni kingine. De Beers ilikuwa inashika soko la almasi la dunia kupitia shirika lake la mauzo jijini London, na ilitaka kila mzalishaji apitie hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Williamson alizuia almasi zake kwa muda akigombania masharti bora. Mchimbaji mmoja, katika nyika ya Shinyanga, aliweza kulitikisa shirika lililozoea kupanga bei ya dunia. Alipofariki Januari 1958, De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika waliuchukua mgodi kwa ubia wa nusu kwa nusu. Baadaye ukataifishwa, miaka ya 1990 De Beers ikarudi, na mwaka 2009 Petra Diamonds ikashika nafasi yake.

Hilo ni somo zima la mkakati wa biashara ya kimataifa: mnyororo wa mauzo, nguvu ya mnunuzi mmoja, uhusiano wa kampuni na dola, kuingia na kutoka katika nchi. Uchambuzi wake unaofahamika zaidi kitaaluma ulichapishwa mwaka 1986 katika The Journal of Modern African Studies na John Knight na Heather Stevenson. Ni kazi nzuri, iliyoyafukua majalada ya Ofisi ya Makoloni na kuonyesha jinsi Williamson, De Beers na London walivyovutana. Lakini majalada yana mipaka. Hayasemi karani wa Mwadui aliyepanga almasi kwa daraja aliona nini, wala mhasibu wa Kiafrika aliyeandika hesabu za mgodi alielewa nini siku mauzo yaliposimamishwa. Watu hao walikuwepo. Mtumishi mmoja wa miaka ya mwanzo ya mgodi huo alikuja kuwa maarufu, na tutarudi kwake.

Hoja ya makala haya ni kwamba vyuo vikuu vya Tanzania vinapaswa kufungua mlango kwa watu waliokaa ndani ya kampuni za kimataifa za ukanda wa dhahabu, waingie kama watafiti kamili. Kuwaalika siku moja kama wasemaji, wakapewa maji ya chupa na cheti cha shukrani, hakutoshi.

Chukua ofisa ugavi yeyote aliyefanya kazi katika mgodi mkubwa tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Ameona zabuni za matairi ya malori makubwa zikiamuliwa na makao makuu ya ng'ambo, huku za mboga na sare zikiachwa kwa meneja wa mgodi. Ameona Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika Sekta ya Madini za mwaka 2018 zikiingia, na wazabuni wa kigeni wakitafuta wabia wa Kitanzania kwa haraka, wengine wabia wa kweli, wengine wa kwenye karatasi. Anaweza kukueleza, bila kufungua faili, kwa nini kampuni mbili zinazochimba dhahabu ile ile katika miamba inayofanana zinanunua vitu kwa utaratibu tofauti kabisa. Katika vyuo vya biashara vya dunia, swali hilo, yaani nini kiamuliwe makao makuu na nini kiachiwe nchi husika, ndilo lililojenga taaluma nzima.

Na walioijenga walitoka kazini. Sumantra Ghoshal alizaliwa Calcutta mwaka 1948 na alifanya kazi kwa miaka mingi katika Indian Oil, shirika la umma la mafuta. Mwaka 1981 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo akiwa meneja mzoefu, mwenye umri ambao wengi huuona umepita kwa kukaa darasani. Alipata huko shahada mbili za uzamivu, moja ya MIT na nyingine ya Harvard, alizozifanya karibu kwa wakati mmoja. Mwenzake Christopher Bartlett, Mwaustralia, alipitia Alcoa, kampuni ya ushauri ya McKinsey na tawi la Ufaransa la Baxter kabla ya kugeukia utafiti. Kitabu chao cha mwaka 1989, Managing Across Borders, kilitokana na mahojiano na mameneja 236 katika kampuni tisa za Marekani, Ulaya na Japani, miongoni mwao Unilever, Philips na NEC. Swali lao kuu lilikuwa lile lile la ofisa ugavi wetu. Tofauti ni kwamba wao walilifuatilia kwa mbinu, wakalinganisha, wakaandika.

Hakuna kampuni ya madini kati ya zile tisa, wala hakuna ya Afrika.

Igor Ansoff, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa somo la mkakati, alitoka Lockheed, kampuni ya ndege, akaingia chuoni mwaka 1963 na miaka miwili baadaye akachapisha Corporate Strategy. C. K. Prahalad alianzia katika kiwanda cha betri cha Union Carbide nchini India. Mfano unaoigusa Geita moja kwa moja, hata hivyo, ni wa Raymond Vernon. Huyu alikaa karibu miaka 20 katika serikali ya Marekani akishughulikia masoko ya hisa na mikataba ya biashara, kisha katikati ya miaka ya 1950 akaajiriwa na Mars, watengenezaji wa chokoleti na peremende za M&M. Alipohamia Harvard alianzisha mradi uliokusanya takwimu za kampuni 187 za Kimarekani zenye matawi nje ya nchi. Mwaka 1971, katika kitabu chake Sovereignty at Bay, alieleza jambo ambalo serikali za nchi zenye madini zilikuwa zikilihisi bila kulipatia maelezo. Kabla mgodi haujachimbwa, mwekezaji ndiye mwenye nguvu, kwa kuwa fedha ziko mfukoni mwake na anaweza kwenda kwingine. Shimo likishachimbwa na mtambo ukishasimikwa, hawezi kuubeba mtambo huo kichwani. Nguvu zinahamia kwa serikali, na masharti ya mwanzo yanaanza kubadilishwa.

Isome Tanzania kwa macho hayo. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu na kuruhusu umiliki kamili wa wageni, kwa sababu nchi ilihitaji mitaji. Geita ikafunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, Buzwagi mwaka 2009. Kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini ikafanya kazi yake 2007 na 2008, na sheria mpya ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi asilimia 4. Machi 2017 Rais John Magufuli akazuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi. Makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikayakagua, kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikapiga hesabu za uchumi na kodi, na Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu na Buzwagi, ikaletewa madai ya dola bilioni 190. Mrabaha ukawa asilimia 6, na serikali ikapewa hisa za bure zisizopungua asilimia 16. Profesa Palamagamba Kabudi akaongoza mazungumzo na Barrick, kampuni mama ya Acacia. Oktoba 2019 makubaliano yakatangazwa: malipo ya dola milioni 300, kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, na manufaa ya kiuchumi kugawanywa nusu kwa nusu.

Nadharia ya Vernon inaeleza nusu ya kwanza ya kisa hicho kwa usahihi wa kushangaza. Nusu ya pili inaisumbua. Kwa nini Barrick, iliyokuwa na karibu asilimia 64 ya Acacia, ilizungumza na serikali moja kwa moja huku menejimenti ya Acacia yenyewe ikiwa pembeni? Na kwa nini mwisho wa yote mzazi alimmeza mtoto, Barrick ikinunua hisa zilizobaki za Acacia Septemba 2019, wiki chache tu kabla ya makubaliano kutangazwa? Je, mgogoro na serikali ulishusha bei ya hisa ambazo Barrick ilikuja kuzinunua, na kama ni hivyo, nani alipoteza zaidi, serikali au wanahisa wadogo wa London? Maswali haya yana majibu, na sehemu ya majibu imo vichwani mwa Watanzania waliokuwa wakifanya kazi ndani ya Acacia miaka hiyo: waliopokea waraka wa kubana matumizi, walioshuhudia mikataba ya wakandarasi ikisitishwa, walioambiwa nini kisemwe na nini kinyamazwe. Kumbukumbu zao zinachakaa kila mwaka.

Inafaa kutazama pia ni akina nani taifa liliwaita wakati wa makinikia. Majina yaliyovuma yalikuwa ya maprofesa wa jiolojia, uchumi na sheria, na si vibaya, kwa maana nchi ilihitaji mizani, hesabu na mikataba. Lakini aliyekuwa akikabiliana nao mezani alikuwa na kitu cha nne, yaani ufahamu wa jinsi kampuni ya kimataifa inavyofikiri: inapima hatari kwa kiwango gani, inaogopa soko la hisa kuliko nini, na itakubali kupoteza kitu gani ili iokoe kingine. Taaluma hiyo ina jina na ina majarida yake. Profesa wake katika Kanda ya Ziwa hakusikika.

Hapa ndipo yule mtumishi wa Mwadui anaporudi. Paul Bomani, kaka yake Jaji Mark Bomani, alifanya kazi Mwadui katikati ya miaka ya 1940 kabla ya kwenda Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika. Alikuta wakulima wa pamba wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, akasaidia kuwaunganisha, kisha mwaka 1953 akaenda Loughborough, Uingereza, kusoma katika Chuo cha Ushirika. Aliporudi, mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria Federation, uliokuja kuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani alikuwa amefanya kile tunachokizungumzia: akatoka kazini na swali, akalipeleka darasani, akalirudisha likiwa limeiva. Uhuru ukamnyakua. Akawa waziri wa fedha, baadaye balozi Marekani. Kitabu cha mkakati wa pamba katika soko la dunia, ambacho pengine yeye ndiye angeweza kukiandika vizuri kuliko mtu mwingine yeyote wa kizazi chake, hakikuwa kazi ya waziri.

Karibu zaidi na siku zetu, Bitange Ndemo wa Kenya alikuwa mchambuzi wa mifumo ya fedha katika Medtronic, kampuni ya vifaa tiba ya Minnesota, kabla ya kurudi Nairobi kufundisha. Tangu 2005 hadi 2013 alikuwa katibu mkuu wa wizara iliyosimamia mawasiliano, wakati mkongo wa baharini ulipoletwa Mombasa na M-Pesa ilipoachiwa ikue, kisha akarudi Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtu aliyepita kampuni, serikali na darasa huandika kwa namna yake: anajua sera inavyoonekana kwa mhasibu wa kampuni, na anajua pia kwamba mhasibu huyo haoni kila kitu. Hapa Tanzania marehemu Ali Mufuruki, mwanzilishi wa Infotech, pamoja na Rahim Mawji, Gilman Kasiga na Moremi Marwa, walichapisha mwaka 2017 kitabu juu ya safari ya Tanzania ya viwanda hadi 2056. Mufuruki aliijua biashara kwa upande wa pili, upande wa kulipa mishahara na kutafuta mitaji. Kitabu kilizua mjadala mzuri. Ila kiliandikwa na watu wenye kazi nyingine za mchana, na ukisoma unaliona hilo: kina mawazo mengi na utafiti wa awali kidogo.

Sasa vizuizi. Cha kwanza kinajulikana kwa kila aliyejaribu. Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma kwa nafasi ya mhadhiri msaidizi kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa shahada ya umahiri, kati ya 5. Kigezo hicho kina mantiki kwa kijana wa miaka 25, maana hana kingine cha kupimwa nacho. Kwa mtu wa miaka 45 aliyehitimu na 3.4 mwaka 1999, kisha akasimamia bajeti ya manunuzi ya mamilioni ya dola kwa miaka 18, ni kichekesho. Anapimwa kwa mtihani wa nusu muhula aliofanya akiwa na njaa ya bweni, na kila alichofanya baadaye hakihesabiki. Ghoshal alipewa nafasi na watu waliotazama alikotoka kikazi. Hakuna sababu Tume ya Vyuo Vikuu isiweke njia ya namna hiyo, yenye usaili mkali, andiko la majaribio na muda wa kuangaliwa.

Cha pili ni fedha, na hapa hakuna haja ya maneno mengi: mshahara wa mgodini na wa mhadhiri msaidizi haiko meza moja. Mwenye watoto sekondari atapiga hesabu na kubaki alipo. Ndiyo maana wanaoweza kuhama ni walio karibu na mafao au waliopunguzwa kazini, na ndio hasa vyuo vinapaswa kuwafuata. Buzwagi ilipofunga uzalishaji mwaka 2021, wataalamu wengi waliobobea walikuwa huru kwa mara ya kwanza tangu ujana wao. Barrick yenyewe iliona thamani ya mahali pale na kuyageuza majengo kuwa Barrick Academy, inayowanoa wasimamizi wake. Kampuni imejenga shule juu ya mgodi uliokufa. Vyuo vya umma vilikuwa wapi?

Cha tatu kinawahusu wahamiaji wenyewe, na wengi hawapendi kukisikia. Mtu aliyekuwa meneja kwa miaka 20 amezoea kujua. Akiulizwa, anajibu, na wa chini yake wanaandika. Utafiti unamtaka aseme "sijui" mbele ya msimamizi aliyezaliwa mwaka aliopata kazi ya kwanza, asome makala 200 kabla ya kutoa maoni, na akubali kwamba alichokiona Geita huenda kilikuwa cha Geita tu. Wengine hushindwa. Huandika tasnifu ambayo kwa kweli ni wasifu wao: mgodi wetu, zamu yangu, uamuzi niliofanya na jinsi ulivyofaulu. Mtahini wa nje huirudisha, na mwandishi hulalamika kwamba wasomi hawajui kazi. Mara nyingi mtahini yuko sahihi.

Lakini upande wa chuo nao una la kujibu. Pita katika rafu za tasnifu za shahada za biashara nchini na utakuta kichwa cha habari kimoja kikijirudia kama wimbo wa harusi: athari za jambo fulani katika utendaji wa shirika fulani, uchunguzi kifani, wahojiwa mia moja na kitu, dodoso lenye "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Dodoso hilo humpata mfanyakazi wa stoo ambaye hakushiriki uamuzi wowote. Meneja aliyeshiriki hana muda wa kulijaza. Matokeo yake ni kwamba tunajua wafanyakazi wameridhika kwa kiwango gani, na hatujui kampuni iliamuaje. Mtu aliyetoka ndani angeuliza maswali mengine, na wenzake wa zamani wangempokea simu.

Kupokelewa simu huko kuna hatari yake. Mikataba ya ajira migodini ina vifungu vya siri, na mstaafu anaweza kufungua kinywa akajikuta na barua ya wakili. Kuna pia urafiki, na hisa alizopewa kama bonasi, na matumaini ya kazi ya ushauri. Mtafiti wa dawa hutakiwa kutangaza nani alilipia utafiti wake, na kamati ya maadili hukagua kabla hajamgusa mgonjwa. Tafiti za biashara za ukanda wa madini zinahitaji ukali uo huo, na kwa mtu aliyekuwa ndani zinauhitaji mara mbili. Suluhisho la kawaida duniani ni muda na ulinganifu: subiri miaka kadhaa, tumia ripoti za kampuni zilizo hadharani, hoji pande zote, linganisha mgodi wako na usioujua. Kampuni zilizoandikishwa katika masoko ya hisa ya London, Toronto na New York huchapisha mamia ya kurasa kila mwaka. Aliyewahi kukusanya takwimu za kurasa hizo anajua kuzisoma kati ya mistari kuliko mchambuzi aliyeko Toronto.

Kuhusu mada, zimerundikana. Septemba 2023 AngloGold Ashanti, wenye mgodi wa Geita unaotoa karibu wakia nusu milioni za dhahabu kwa mwaka, walihamisha orodha yao kuu ya hisa kutoka Johannesburg kwenda New York, wakaiandikisha kampuni Uingereza na kuweka makao makuu Denver. Kampuni yenye mizizi ya Afrika Kusini na Ghana sasa inaamuliwa katika jimbo la Colorado. Je, hilo linabadilisha chochote kwa mkandarasi wa Nyankumbu au mzabuni wa Katoro? Labda halibadilishi, na hilo lenyewe lingekuwa matokeo ya kuvutia. Ng'ambo ya ziwa na misitu, AngloGold na Barrick ni wabia wa asilimia 45 kila mmoja katika mgodi wa Kibali, mashariki mwa Kongo, huku wakiwa majirani washindani Geita na Kahama. Wanashirikiana huku na kushindana kule kwa kanuni gani? Na soko la madini la Geita lililofunguliwa mwaka 2019 limewafanya wachimbaji wadogo kuuza dhahabu kwa bei inayofuata soko la dunia kwa uwazi zaidi. Maisha ya wachimbaji hao yamechunguzwa vizuri, kwa mfano katika kitabu cha 2014 kilichohaririwa na Deborah Bryceson, Rosemarie Mwaipopo na wenzao. Biashara yao kama biashara, yaani nani anamkopesha nani, kwa riba ya namna gani, na dhahabu hiyo inaingiaje katika mnyororo unaoishia Dubai au Uswisi, bado inangoja mtu anayeijua lugha ya pale na lugha ya hesabu kwa pamoja.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina kampasi Kizumbi, hapo hapo Shinyanga. SAUT iko Mwanza. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani na kimezoea wanafunzi wenye kazi na familia. ESAMI iko Arusha, na Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina uzoefu wa kusimamia uzamivu. Chuo kimoja kati ya hivi kikitenga nafasi tano tu za watafiti waliotoka kazini, kikawapa posho ya kueleweka na msimamizi mwenye subira, na kikakubaliana na kampuni moja kufungua nyaraka zake za zamani zilizopitwa na wakati kibiashara, kitakuwa kimeanzisha kitu ambacho Tanzania haina.

Wizara ya Madini ingefaidika kuliko wote. Mazungumzo mengine yanakuja, ya nikeli ya Kabanga na mtambo wa kusafisha unaopangwa kujengwa Kahama, na ya leseni za dhahabu zitakazoisha muda. Upande wa pili wa meza utakuja na watu waliosoma Vernon na Ghoshal wakiwa chuoni.

Tume ya Vyuo Vikuu haipaswi kulisubiri hili. Umri wa kustaafu nchini ni 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, na aliyeajiriwa Geita mwaka 2000 akiwa na miaka 30 atatimiza 60 mwaka 2030.